Tengeneza kadi ya Krismasi yenye sura za jamaa yako bila kufilisika

Na Mwandishi Wetu

NAULI za kwenda mashambani hupanda kila Desemba, na kila Desemba jamaa nyingi za mjini hukaa chini kuamua ni nani atakayesafiri na ni nani atakayebaki. Aghalabu uamuzi huwa ni baba aende peke yake kwa siku mbili, awapelekee wazee sukari na unga wa ngano, au asiende mtu yeyote, kwa sababu Januari inabisha hodi na karo haingoji.

Huko mashambani nyanya amekaa anangoja. Mjukuu aliyezaliwa mwaka juzi humsikia tu akilia kwenye simu. Na simu yenyewe aliyo nayo nyanya ni ile ya mulika mwizi, ambayo ina tochi nzuri sana lakini haipokei picha. Zile picha ulizoweka kwenye WhatsApp siku ya kuzaliwa kwa mtoto, ukapongezwa na watu mia moja, yeye hajaiona hata moja.

Ni kwa ajili ya mtu kama huyo tunazungumzia kadi wiki hii. Hatuzungumzii kadi ya dukani yenye kengele na utepe wa dhahabu. Tunazungumzia kadi ambayo wewe na watoto wako mtaitengeneza juu ya meza ya chakula, yenye picha yenu wenyewe mbele na maneno yenu wenyewe ndani. Ikifika, itakuwa imewafikisha na ninyi kwa kiasi fulani.

Kadi za Krismasi zina historia ndefu. Ya kwanza kuuzwa kwa watu ilichapishwa London mwaka wa 1843, wakati Henry Cole, mtumishi wa serikali mwenye shughuli nyingi na barua nyingi za kujibu, alipomwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree moja. Nakala ziliuzwa kwa shilingi moja ya Kiingereza, na zama hizo hizo hazikuwa pesa za mtu wa kawaida kutoa kwa kipande cha karatasi. Mbele palichorwa jamaa nzima wakiwa mezani, wazee kwa watoto, wameinua gilasi zao. Kwa hivyo tangu mwanzo kadi hii ilikuwa picha ya jamaa, ila haikuwa jamaa ya mnunuzi.

Kasoro hiyo ilitufuata hadi hapa Kenya. Wale waliokuwa mjini katika miaka ya 1990 wanakumbuka kadi zilivyopangwa kando ya barabara kuanzia Novemba, na jinsi zilivyotundikwa kwenye uzi sebuleni kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Zilikuwa na ndege wa Ulaya, misonobari na theluji tele, theluji ambayo wengi wetu tumeiona kwa mbali tu kileleni mwa Mlima Kenya. Kulikuwa hata na zile zilizoimba ukizifungua, na zikaendelea kuimba kwa sauti ya mgonjwa hadi betri ikafa. Wachache ndio waliobandika picha yao ndani, na hizo ndizo unazozikuta bado kwenye masanduku ya wazee. Zenye theluji ziliwasha jiko zamani.

Anza na hesabu

Kabla hujagusa makasi, chukua kalamu na uandike majina ya wale wanaohitaji kadi hii. Usiandike wote unaowajua. Andika wale wasio na simu ya picha, wale ambao hukuwaona mwaka huu, na wale ambao wangeumia kusikia kwamba jirani amepata na wao hawakupata. Kwa jamaa nyingi idadi haitapita 12. Tuchukue hiyo 12 iwe mfano wetu, na tuweke kiwango cha matumizi: Sh600 kwa vifaa vyote, yaani Sh50 kwa kila kadi, kando na gharama ya kutuma. Kama Sh600 ni nyingi kwako mwezi huo, punguza majina, wala usipunguze ubora wa picha.

Sasa tazama karatasi. Karatasi ya kawaida ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Ukiikata katikati unapata vipande viwili, na kila kipande ukikikunja mara moja kinakuwa kadi ya sentimita 10.5 kwa 14.8. Kwa hivyo kadi 12 zinahitaji karatasi sita tu. Nunua manila au karatasi nyingine nzito, maana ile nyembamba ya kuandikia, ambayo uzito wake kwa kawaida ni gramu 80, hailiwezi jukumu la kusimama mezani. Karatasi ya gramu 160 hadi 250 inatosha. Ukipata shiti kubwa la manila ukalikata mwenyewe nyumbani, mara nyingi utaokoa pesa kuliko kununua zilizokwisha kukatwa.

Picha ndipo watu wanapopoteza pesa. Wao huenda saiba na kuagiza picha 12, moja kwa kila ukurasa, kisha hushangaa wakidaiwa. Kumbuka kwamba saiba nyingi hukutoza kwa ukurasa wala si kwa picha. Ukiulaza ukurasa wa A4 ukapanga picha za sentimita 7 kwa 10, zinaingia nne juu na nne chini, jumla nane, na bado kunabaki ukingo ambao printa huhitaji. Kurasa mbili zinakupa picha 16. Kumi na mbili ni za kadi, nne ni za akiba, kwa maana nakuhakikishia kuna moja itakatwa kombo na nyingine itamwagikiwa chai. Picha ya kipimo hicho ikikaa katikati ya kadi yako, inaacha ukingo wa karibu sentimita mbili kila upande, kama fremu.

Wengine hupenda kwenda studio kusafisha picha za inchi 4 kwa 6. Picha hizo ni nzuri na zinadumu, lakini angalia kipimo: inchi 6 ni sentimita 15.2, ilhali kadi yetu ni 14.8. Itachomoza kwa milimita nne. Ni lazima uipunguze au ukate kadi kubwa zaidi, na kadi kubwa itataka bahasha kubwa.

Nani awe pichani?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa hakuna pesa itakayokusaidia.

Picha ya kadi ni tangazo la jamaa. Yeyote asiyekuwemo, watu watauliza yuko wapi. Kwa hivyo kabla ya siku ya picha, mjadiliane. Kuna mtoto wa marehemu dada yako mnayeishi naye. Je, amesimama katikati na wenzake au amewekwa pembeni kama mgeni? Kuna yule wa ndoa ya kwanza ambaye huja likizo tu. Mpige picha siku ambayo yupo, hata kama siku hiyo ni ya mapema Novemba na hakuna mapambo. Watoto hukumbuka picha ambazo hawakuitwa. Na yaya aliyewalea hao mapacha miaka mitatu, kama yeye mwenyewe anapenda, ana haki ya kuwemo zaidi ya gari la jirani ambalo watu hupenda kuliegemea.

Kisha kuna yule ambaye hayupo kwa sababu amekwenda kutafuta. Jamaa nyingi za Kenya leo zina mama au dada anayefanya kazi Saudi Arabia, Qatar au Dubai, na Krismasi huwapata watoto wakiwa na shangazi. Usimwache nje, wala usingoje arudi. Mwombe atume picha yake moja aliyopigwa mchana, uso ukionekana vizuri, uisafishe, kisha kifungua mimba aishike kifuani mnapopigwa picha ya pamoja. Njia nyingine ni kukata picha yake na kuibandika kando ya wengine kwenye kadi yenyewe. Usione haya kwamba mshono utaonekana. Kule Lamu, kuanzia miaka ya 1960, mpigapicha Omar Said Bakor alisifika kwa kazi ya namna hiyo katika studio yake: alikata picha kwa mkono na kuziunganisha zikawa kitu kipya kabisa, zamani kabla tarakilishi haijaingia mitaani. Leo watafiti wanaisoma kazi yake.

Kuhusu aliyefariki, tumia busara. Kuna wazee watakaofurahi kumwona kijana wao akiwa bado pamoja na wanawe, na kuna wale ambao picha kama hiyo kwenye kadi ya sikukuu itawatoa machozi meza ikiwa imejaa wageni. Mpigie simu mtu wa huko umuulize. Ukiamua kutumia picha ya zamani, tafadhali usikate ile ya asili. Ilaze mezani karibu na dirisha, zima mwako wa kamera, shikilia simu sambamba nayo na uipige picha. Na kama imegandia kwenye kioo cha fremu, usiibandue. Ipige hivyo hivyo, ukisogea kidogo hadi mng'ao wa kioo uondoke.

Jua, ukuta na simu

Huhitaji mpigapicha wa kulipwa. Unahitaji mwanga. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi, likitia kivuli kizito machoni hadi kila mtu akaonekana kama hakulala. Piga picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, mkisimama kwenye kivuli cha nyumba kilicho karibu na sehemu yenye mwanga. Ndani ya nyumba, watu wauelekee mlango ulio wazi au dirisha, na mpigapicha alipe dirisha mgongo.

Jihadhari na anga jeupe au ukuta mweupe nyuma ya watu wenye ngozi nyeusi. Kamera huuona ule weupe, hupunguza mwanga wote, na nyuso zenu hugeuka vivuli vyenye meno. Simu nyingi hukuruhusu kugusa uso kwenye kioo ili kamera ipime mwanga hapo. Fanya hivyo. Afadhali zaidi, tafuta mandhari ya rangi ya wastani: ua la miti, mlango wa mabati uliopakwa rangi ya bluu au kijani, au leso mbili zilizotundikwa kwenye kamba ya nguo. Leso hupendeza kwelikweli, na kila nyumba inazo.

Pangusa kioo cha kamera kwa kitambaa cha pamba, kwani huwa kimejaa mafuta ya vidole. Tumia kamera ya nyuma, ambayo katika simu nyingi ni bora kuliko ile ya mbele. Iegemeze simu kwenye pakiti ya unga juu ya stuli, weka saa yake ihesabu sekunde 10, kisha ukimbie ujiunge na wenzako. Rudia mara 20 au zaidi. Katika jamaa ya watu sita, kila mara kuna mmoja aliyefumba macho.

Juu ya mavazi, si lazima mfanane. Epukeni tu sare za shule na beji zenye jina la shule, kwa sababu kadi hupita mikononi mwa watu wengi na si vyema kila mmoja ajue mtoto wako anasoma wapi. Kwa sababu hiyo hiyo, nambari ya nyumba isionekane mlangoni.

Mtego wa saiba

Picha iliyopendeza simuni inaweza kutoka kwenye printa ikiwa na ukungu. Sababu ni kwamba WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili isafiri haraka. Kwa picha yetu ndogo ya sentimita 7 kwa 10 upungufu huo unavumilika, maana inahitaji nukta 830 hivi kwa 1,180 tu ili itoke safi. Ile ya inchi 4 kwa 6 huhitaji nukta 1,200 kwa 1,800, na hapo ndipo kasoro huanza kuonekana. Dawa ni kuituma kama hati wala si kama picha, au kuibeba kwenye kidude cha kuhifadhia data. Usitumie picha ya kioo cha simu, wala ile iliyokwisha kusambazwa kwenye makundi matatu.

Uliza printa yao ni ya aina gani. Printa ya wino ikichapisha kwenye karatasi ing'aayo ya picha hutoa rangi nzuri, lakini wino wake mara nyingi humwagika ukiguswa na maji. Printa ya leza haitoi mng'ao huo, ila rangi yake haiogopi tone la maji, na inafanya kazi vizuri kwenye karatasi nzito ya kawaida. Kwa maoni yangu, kwa kadi inayokwenda kupita mikononi mwa watoto na bakuli za mchuzi, leza ndiyo yenye faida. Lakini sikia: ukijinunulia karatasi ing'aayo iliyotengenezewa printa za wino, usikubali itiwe kwenye leza. Leza hutumia joto, na utando wa karatasi hiyo unaweza kuyeyuka na kuganda ndani ya mashine. Utarudi nyumbani bila picha na ukiwa na deni la printa ya mtu.

Itisha ukurasa mmoja kwanza. Utazame mlangoni kwenye mwanga wa mchana kabla ya kuruhusu wa pili. Nyuso zikiwa nyeusi mno, mwombe aongeze mwanga kidogo. Ni kazi ya dakika moja kwenye kompyuta. Kabla ya kuondoka, simama ushuhudie picha zenu zikifutwa kwenye mashine yake, hata kutoka kwenye lile pipa la taka la kompyuta.

Kukata, kukunja na kubandika

Hii ni kazi ya Jumamosi mchana na watoto ndio wenyewe. Mkubwa atumie wembe na rula ya chuma juu ya kipande cha kadibodi. Wadogo wapewe makasi yasiyo na ncha. Kabla ya kukunja, chora mstari wa katikati kwa kalamu iliyokwisha wino, ukikandamiza dhidi ya rula. Mstari huo usioonekana ndio unaoifanya manila ikunjike wima badala ya kupasuka mithili ya mkate mkavu.

Gundi imewaharibia watu kadi nyingi. Ile nyeupe ya maji hukunja picha ikitiwa kwa wingi, kwa hivyo paka utando mwembamba pembezoni tu. Ile ngumu inayouzwa kwenye kichupa cha kuzungusha, kama rangi ya mdomo, ndiyo bora kwa watoto. Uji wa unga wa ngano ambao wengi wetu tulitumia shuleni hauna gharama, lakini mende huupenda kuliko wewe, na mahali penye unyevu kama Mombasa hushika kuvu. Selotepu nayo hugeuka manjano baada ya miaka michache. Ukishabandika, panga kadi chini ya kamusi au Biblia kubwa zilale hapo usiku kucha.

Mapambo yatoke ndani ya nyumba. Ukanda mwembamba wa leso iliyochakaa, kipande cha kitenge kutoka kwa fundi wa nguo, karatasi ya ndani ya pakiti ya majani ya chai inayong'aa kama fedha, alama ya kidole cha mtoto iliyotiwa rangi ikageuzwa nyota. Kitu kimoja kwa kadi kinatosha. Usitie unga wa kumetameta. Utauokota kwenye ugali hadi Pasaka.

Ndani uandike nini?

Watu wengi hufika hapa wakachoka, wakaandika "Krismasi njema na heri ya mwaka mpya" wakatia sahihi. Umefanya kazi siku mbili ili useme maneno ambayo kila duka limeyabandika dirishani?

Mwambie nyanya jambo moja ambalo hangelijua bila wewe. Kwamba mdogo sasa anakula sukuma wiki bila kubembelezwa. Kwamba yule wa darasa la nne amemzidi mama yake urefu wa bega. Kwamba kuku aliyewapa Agosti aliishi muda mrefu kuliko mlivyokusudia. Na kama hamji mwaka huu, iseme wazi, pamoja na mwezi mnaotarajia kuja, lakini uandike tu mwezi ambao kweli utaweza. Mzee hushika tarehe iliyoandikwa kuliko ile iliyosemwa kwenye simu.

Andika kwa lugha anayoisoma, kwa herufi kubwa kidogo. Kama hasomi, fikiria ni nani atakayemsomea, na usitie humo mambo ya pesa au ya ndani ya ndoa ambayo huyo msomaji hapaswi kuyajua. Kila mtoto aandike sentensi yake mwenyewe, hata kama tahajia imepinda. Usiisahihishe. Asiyejua kuandika achorewe mkono wake kwa penseli.

Nyuma ya kadi andika majina ya wote waliomo pichani kwa mpangilio, kutoka kushoto, pamoja na mahali na mwaka. Mnaona ni upuzi leo kwa sababu mnajuana. Tazameni picha za babu zenu uone ni wangapi hamwezi tena kuwataja.

Kutuma

Kadi ya kipimo hiki huingia kwenye bahasha ya sentimita 11.4 kwa 16.2, inayouzwa kwa jina la C6. Mkiikosa, ifumeni wenyewe kutoka karatasi ya A4 kwa kuikunja na kutia gundi mbavuni. Peleka moja iliyokamilika posta ipimwe kabla ya kununua stempu za zote, kwani ukanda wa kitenge na picha huongeza uzito na ni afadhali kujua mapema.

Tuma katika wiki ya mwisho ya Novemba au mapema Desemba. Wazee wengi hawana sanduku lao la posta na hutumia la shule, la kanisa au la duka la sokoni. Shule zikifungwa, barua inaweza kulala huko hadi Januari. Pigia simu mwenye sanduku umuulize kama yupo atakayelifungua. Njia mbadala ni kuzitia kadi zote za kijiji kimoja katika bahasha moja kubwa na kuituma kwa basi, au kumpa jirani anayesafiri. Za ng'ambo zitangulie mapema zaidi. Kuhusu yule mama aliye Ghuba, kama anwani yake haiaminiki, mtumie picha ya kadi kwa simu, na ile kadi halisi muiweke mezani hadi atakapoirudia.

Hesabu hii inafaa pia kwa wasiosherehekea Krismasi. Wanaotengeneza kadi za Idd wabadilishe maneno na mapambo tu, na kama katika nyumba yenu hamtumii picha za watu, piga picha mlango wa nyumba ya wazee, au sinia ya mahamri ikiwa tayari mezani. Wanafunzi walio likizoni nao wanaweza kuwatengenezea majirani kwa malipo, maadamu waonyeshe kadi moja ya mfano kwanza na wachukue pesa za karatasi kabla ya kuanza.

Zikishaondoka kadi zote, hesabu zile picha za akiba zilizosalia. Moja mpe yaya aipeleke kwao. Moja itie kwenye albamu, majina yakiwa nyuma kwa penseli laini, kwani kalamu ya wino ngumu huchora hadi upande wa pili. Zilizobaki zifiche vizuri, kwa sababu katika wiki ya kwanza ya Januari atapiga simu shangazi mmoja ambaye hukumwandika kwenye orodha.